UZI: Kinanda cha marehemu ami kinaomba diski ya mfumo, kompyuta zetu hazijui kuiandika

treni_ya_michenzani (Unguja)

Assalam alaykum wanajukwaa. Nna kesi na nataka msaada. Uzi utakuwa mrefu, mnistahamilie.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga kinanda wa maharusi. Kinanda chake ni Ensoniq EPS-16 Plus, alikinunua Dubai mkono wa pili. Kwa wasiokijua: hiki ni sampla, hakina sauti zake mwenyewe ndani. Unakitia diski, kinasoma sauti, ndipo unapiga. Na si sauti tu, hata mfumo wake kinausoma kwenye diski kila kikiwashwa. Ukikizima kimesahau kila kitu, hata jina lake.

Sasa, ami alirekodi qanuni na fidla humo, na kuzipanga kwa maqamu za rasti na bayati, robo sauti zake kamili. Kinanda hiki kina jedwali la kukipangia kila kitufe lahani yake, ukitaka mi iwe katikati ya mi na mi bemoli, inakaa hapo hapo. Ndiyo maana alikataa kukibadilisha. Tukimwambia anunue kipya anajibu, "Hicho kitanifundisha kupiga disko."

Alipofariki kinanda kilipandishwa juu ya kabati, na diski zake 31 kwenye mkebe wa biskuti. Mwezi uliopita mkewe kanambia nikichukue kabla hakijaliwa na mchwa. Nimekiwasha: kioo kimewaka vizuri, kijani kama kawaida, kinaomba diski. Diski yenyewe ya mfumo ameiandika kwa wino mwekundu MFUMO USIGUSE. Nimeitia. Imekwaruza, imetoa sauti ya msasa, kinanda kikaomba tena. Kuitoa nikaona ina madoa meupe. Koga.

Nikasema si neno, mfumo uko kwenye intaneti. Nimeshusha faili, baiti 819,200. Nimenunua draivu ya flopi ya USB na boksi la diski Darajani. Programu ya kuandikia inanambia faili haliingii kwenye diski ya kilobaiti 720. Nikaibadilisha, nikaandika kwenye diski ya megabaiti 1.44, ikakubali bila ya ubishi. Kinanda hakikukubali. Sasa nifanye nini?

bingwa_wa_rusharoho

Kiuze. Pale Shangani kuna maduka ya vitu vya kale, Mtaliana atakinunua akitie sebuleni pamoja na gramafoni.

treni_ya_michenzani

Nikikiuza na mkewe akajua, harusi yangu utakuja kuipiga wewe kwa mdomo.

fundi_mlandege

Waalaykum salaam. Kijana, SIMAMA. Usitie diski nyingine yoyote kwenye hicho kinanda mpaka usome hapa.

Diski yenye koga haiharibiki peke yake. Kile kichwa cha kusomea kinagusa sahani, hakielei juu yake kama kwenye hadi diski. Koga inaganda kwenye kichwa, na kichwa kichafu kinaanza kuchimba. Ukitia diski ya pili iliyokuwa nzima, unaichora duara, na ule unga wa sumaku unaotoka ndiyo zenyewe sauti za ami yako. Nimeona mtu kaua diski kumi kwa asubuhi moja namna hii, na kila ikikataa anajaribu inayofuata.

Kwanza fungua kinanda, uitoe draivu, ukisafishe kichwa cha juu na cha chini kwa spiriti ya isopropili. Si ile ya kupakia kidonda, ile ina maji mengi. Tafuta ya asilimia 99. Tumia pamba, kwa upole, cha juu usikinyanyue sana, ukikipinda umekwisha. Tia tone la grisi nyeupe kwenye ule msumari wenye hesi unaokisogeza kichwa, maana miaka yote hii ya vumbi na chumvi ya bahari ile ya kiwandani itakuwa imekuwa nta.

Diski zenye koga usizitupe. Sogeza kile kiwambo cha chuma, izungushe sahani kwa kidole kwenye kitovu chake, uitazame kwenye mwanga. Iliyo safi weka kulia, yenye madoa weka kushoto. Za kushoto zinaoshwa: unalifungua ganda taratibu kwa wembe, unaitoa sahani, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, unaisuuza, unaikausha kivulini juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha unaivisha ganda la diski nyingine safi. Usiguse uso kwa vidole. Watu hawaamini, lakini sahani ni plastiki yenye unga wa sumaku, maji hayaifanyi kitu.

Na huo mkebe utie vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu. Kwa unyevu wetu huu, masika moja tu inatosha.

BiHesabu (mwalimu wa kompyuta, skuli sitoitaja)

Fundi kasema ya maana. Mimi nijibu lile la USB, maana hata wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini "flopi ni flopi" lakini hazipatani.

Fanyeni hesabu na mimi. Diski ya DD, ile ya ujazo mdogo, ina traki 80 kila upande, yaani duara za kuandikia, pande mbili. Kompyuta inaigawa kila traki vipande, ndizo sekta, 9 za baiti 512. 80 mara 2 mara 9 mara 512 ni 737,280. Hiyo ndiyo inaitwa 720. Ensoniq walikata sekta 10 badala ya 9. 80 mara 2 mara 10 mara 512 ni 819,200. Ndiyo namba ya faili lako hasa, kwa hivyo faili ni zima, halijakatika njiani.

Sekta ya kumi imekaa wapi? Diski inazunguka mara 300 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu ya tano ya sekunde. Kwa kasi ya DD, biti 250,000 kwa sekunde, traki moja inameza baiti 6,250 mbichi. Sekta 9 zinatumia 4,608, zilizobaki ni anwani na nafasi tupu baina ya sekta na sekta. Ensoniq walizibana hizo nafasi, kama konda wa daladala anavyosema "sogeeni kidogo", na mmoja zaidi akaingia.

Draivu ya USB haiwezi hili, na si kosa la kompyuta yako. Ndani ya kile kiboksi kuna kidhibiti chake mwenyewe kinachojua miundo michache tu, 720 na 1.44. Kompyuta haiongei na kichwa cha diski, inaongea na kile kidhibiti, na ukikiomba sekta 10 hakina hata neno la kukujibia. Programu yoyote utakayoweka haitobadilisha hilo. Kuna sampla ambazo USB inaweza kuzisaidia, kama zile Roland S-330 na W-30, maana wao walifuata sekta 9. Ensoniq na Akai za zamani, sahau.

Na ile ya 1.44 iliyokubali: imekubali kwa sababu faili lako ni dogo kuliko diski. Umeandika barua nzuri kwa maandishi ambayo mpokeaji hayasomi.

treni_ya_michenzani

Ahsante Bi Hesabu, ahsante fundi. Draivu nimeisafisha, pamba ilitoka rangi ya kahawa ya kaskazini. Kwa hivyo nahitaji kompyuta gani?

BiHesabu

Ya zamani yenye ile soketi ya pini 34 kwenye bodi na draivu ya ndani iliyofungwa kwa waya mpana wa utepe. Hapo kidhibiti kiko kwenye bodi yenyewe na kinafuata amri. Kwa Windows XP kuna OmniFlop. Kwa Linux kuna EPSLin, iliyotengenezwa kwa ajili ya vinanda hivi hivi, au fdutils ukitaka kufanya kwa mkono.

fundi_mlandege

Na utumie diski za DD, zenye tundu MOJA. Zenye matundu mawili ni HD, zile za 1.44. Ukizikosa, ziba tundu la pili kwa selotepu nyeusi, draivu itadhani ni DD.

BiHesabu

Fundi hapo tunagombana. Unga wa HD unataka nguvu kubwa zaidi ya sumaku kuandikika. Ukiuandikia kwa nguvu ya DD inashika leo, baada ya muda inaanza kufifia. Kwa kujaribu sawa. Kwa sauti za marehemu, hapana.

fundi_mlandege

Nna diski za HD zenye selotepu tangu 2003 na zinasomeka.

BiHesabu

Na babu yangu alivuta sigara miaka sabini.

bingwa_wa_rusharoho

😂😂 Endeleeni, nimekaa na kahawa yangu na kashata.

treni_ya_michenzani

Nimerudi, na sina raha.

Rafiki yangu ofisini kwao walikuwa na Pentium 4 kwenye stoo, ina draivu ya ndani, kazi yake ilikuwa kushikilia mlango usifungwe na upepo. Nimeifuta vumbi, nimetia Linux. Sikutumia EPSLin, maana nilitaka nijue kinachofanyika, kosa langu hilo. Nimeweka vipimo mwenyewe: pande 2, traki 80, sekta 10. Nimefomati, imekubali. Nimeandika faili kwa amri ya dd, imemaliza bila ya kosa hata moja. Nimeisoma tena diski nikalinganisha na faili la asili kwa cmp. Sawasawa, baiti zote 819,200.

Nimeshuka ngazi na diski mkononi kama mtu anayebeba yai. Nimeitia. Kinanda kimefanya tk, tk, tk, kikatafuta kwa muda, kikaomba diski upya.

Nimejaribu diski nne. DD zote, za tundu moja, fundi usinambie selotepu.

bingwa_wa_rusharoho

Kina jini hicho. Ami yako kamuachia ulinzi.

qanuni_moja

Umechukua mfumo wa EPS au wa EPS-16 Plus? Si kitu kimoja. EPS ya mwanzo ni ya 1988, 16 Plus ni ya 1990, diski zao zina muundo mmoja lakini mfumo wa moja hauendeshi nyingine. Kwenye intaneti watu wanaziweka zote kwenye folda moja.

treni_ya_michenzani

Subhanallah. Nimeangalia. Nilikuwa na wa EPS. Nashusha wa 16 Plus sasa hivi.

treni_ya_michenzani

Nimeandika wa 16 Plus. cmp inasema sawasawa. Kinanda: tk, tk, tk. Hali ile ile.

fundi_mlandege

Basi draivu ya kinanda imepoteza mstari, au ukanda. Lete dukani.

qanuni_moja

Au faili lenyewe bovu. Kampuni yenyewe ilishanunuliwa na Creative tangu 1998, huna wa kumuuliza. Jaribu faili kutoka mahali pengine.

Mpemba_wa_Wete

Salamu kutoka Wete. Nimechelewa, mtandao wetu mwajua wenyewe.

Usipeleke dukani. Fundi asinichukie, draivu yake naamini ni nzima. Sikiliza: kinanda kimesema tk tk tk, maana yake kichwa kinatembea na kinatafuta kitu. Kingekuwa hakisomi kabisa kingekata tamaa mapema. Kinasoma, lakini hakioni kinachokitafuta.

Nikuulize suali moja tu. Ulipofomati kwa Linux, sekta zako zimeanza namba ngapi?

treni_ya_michenzani

Sijui. Kwani zinaanza namba ngapi?

Mpemba_wa_Wete

Hapo ndipo ilipo.

Kila sekta kwenye diski inatanguliwa na kibao kidogo chenye anwani yake: traki ya ngapi, upande gani, sekta ya ngapi, ukubwa gani. Kibao hiki kinaandikwa wakati wa kufomati. Kompyuta zetu zinahesabu sekta kuanzia 1. Kwa hivyo diski yako ina sekta 1 mpaka 10. Ensoniq wanahesabu kuanzia 0. Kinanda chako kinataka 0 mpaka 9.

Chukua mfano wa hizo nyumba zenu za Michenzani. Mtu kaagizwa apeleke kifurushi fleti namba 0. Anapanda, anashuka, anaona 1, 2, 3, mpaka 10. Wenyeji wote wamo ndani, vyombo vyao vyote vimo, hakuna kilichoibiwa. Lakini namba 0 haipo, na mjumbe hana ruhusa ya kugonga mlango mwengine. Anarudi na kifurushi chake.

Na ndiyo maana cmp yako ilikudanganya bila ya kusema uongo. Kompyuta iliandika kwa kuhesabu kutoka 1 na ikasoma kwa kuhesabu kutoka 1. Imejiuliza yenyewe na imejijibu yenyewe. Kulinganisha kule kunathibitisha vitu vya ndani ya nyumba tu, namba ya mlangoni hakuigusi.

Mimi hili lilinitesa miezi miwili na Ensoniq Mirage. Ile ndiyo ina mambo: upande mmoja tu, na kila traki ina sekta tano za baiti 1,024 na ya sita ya baiti 512. Jumla 450,560. Na kila diski ya sauti imebeba mfumo wake humo humo. Nilizeeka.

Kwa Linux, superformat ya fdutils ina chaguo la kuanza na sifuri. Au tumia EPSLin kama Bi Hesabu alivyokwambia mwanzo, hiyo inalijua hili bila ya kuambiwa.

BiHesabu

Mashallah. Miaka yote nafundisha hesabu za diski na sikuwahi kulifikiria hilo la sifuri.

fundi_mlandege

Hili sikulijua. Lakini draivu aniletee bado, ukanda ni ukanda.

Mpemba_wa_Wete

😄 Ukanda draivu hizi za inchi 3.5 nyingi hazina, mota imo chini ya kitovu chenyewe. Lakini tusigombane.

Naongeza jengine, la wale watakaokuja kusoma uzi huu na hawana Pentium 4 ya kushikilia mlango. Siku hizi kuna bodi ndogo inaitwa Greaseweazle, ya Keir Fraser. Inachomekwa USB upande huu, na upande wa pili waya wa pini 34 na draivu ya kawaida ya kompyuta. Tofauti yake na ile draivu ya USB ya Darajani: hii haina maoni yake. Haijui sekta, haijui 720. Inapima tu muda baina ya geuko moja la sumaku na jengine, na tafsiri yote inafanyika kwenye laptopu yako. Kwa hivyo muundo wowote unaandikika. Kwa kinanda chako amri ni moja:

gw write --format=ensoniq.800 mfumo.img

Kuanza na sifuri kumo humo ndani. Ukiwa na ASR-10 unaandika ensoniq.1600, na diski iwe HD. Mirage ni ensoniq.mirage.

Angalieni tu mwisho wa jina la faili. Hilo faili la .img ndilo la baiti zote zilivyo. Lenye .ede limebanwa, ukiliandika lilivyo unaandika takataka, lazima ulifungue kwanza.

Na hii bodi inasoma vile vile. Diski za ami zilizo na madoa usizisome kwa kinanda. Soma sumaku yenyewe, mizunguko mingi, uihifadhi:

gw read --raw --revs=5 diski07.scp

Sekta iliyokataa mzunguko wa kwanza, mara nyengine wa nne inatoka. Na hata isipotoka leo, unayo picha ya sumaku, unaweza kuichambua mwakani wakati diski imeshakuwa vumbi.

Bodi yangu ipo. Inshallah kuna mtu anakuja Unguja kwa boti Jumatano, nitampa.

treni_ya_michenzani

Wanajukwaa.

Saa nane usiku. Nyumba nzima imelala. Nimefomati diski upya kwa superformat, sekta 10, kuanzia sifuri. Nimeandika. Nimeshuka nayo.

Tk. Tk. Halafu mlio mwengine, ule mfupi mfupi wa kusonga mbele, nilikuwa nimeshausahau tangu utotoni. Kioo kikasema kinapakia mfumo. Kisha kikaniamrisha nisiguse vitufe, kinajipima mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa hewani kama wa mwizi. Nikangoja. Kikawa tayari.

Nikalala pale pale.

bingwa_wa_rusharoho

ALLAHU AKBAR. Jini katoka.

qanuni_moja

Usikizime!! Sasa kinanda chenyewe kinaweza kukutengenezea diski. Kwenye amri za mfumo kuna ya kufomati flopi na nyengine ya kunakili mfumo kwenye diski. Tengeneza tatu nne kabla hujafanya lolote. Diski iliyofomatiwa na kinanda chenyewe haina ubishi wa sifuri wala moja, na inaandikwa na kile kile kichwa kitakachoisoma.

treni_ya_michenzani

Nimetengeneza tano. Moja nimeitia kwenye kabati la nguo, moja kwa mkewe ami, kaifunga kwenye kanga.

fundi_mlandege

Hizo tano, weka mbali na spika. Ami zako wote walikuwa na tabia ya kuweka mkebe juu ya spika.

nuru_ya_mchangani

Mie msomaji tu wa pembeni. Kwa nini musitie Gotek, kile kiboksi kinachokaa mahali pa draivu, mkaondokana na diski? Nimeona watu wanatia flashi tu.

Mpemba_wa_Wete

Gotek ni nzuri na mimi Mirage yangu inayo. Lakini ikitoka kiwandani inajua miundo ya kompyuta tu, ugonjwa ule ule wa draivu ya USB. Lazima uitie programu ya FlashFloppy, ya Keir Fraser huyo huyo, na kwenye faili la FF.CFG uandike host = ensoniq. Pini za kuchagua draivu jaribu S0, ikikataa S1.

Na asije mtu akachukua draivu ya kompyuta ya kawaida akaichomeka ndani ya kinanda akategemea itafanya kazi. Pini ya 34 kwenye draivu ya kompyuta inasema "diski imebadilishwa". Mashine nyingi za zamani zinataka pini hiyo hiyo iseme "niko tayari". Umbo moja, lugha mbili.

Lakini kwanza okoa diski. Gotek haina sauti za ami ndani yake.

nuru_ya_mchangani

Nimekufahamu. Na umeme? Jenereta haliumizi?

fundi_mlandege

Linaumiza. Ule msimu umeme ulipokatika Unguja nzima miezi mitatu, tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, nilitengeneza vinanda na amplifaya mpaka nikachoka, vyote vimepigwa na majenereta madogo. Weka kirekebisha umeme katikati. Na usiandike diski wakati umeme unachezacheza, ukikatika katikati ya traki hiyo traki imekwenda.

treni_ya_michenzani

Ripoti ya diski, maana baadhi yenu mmeniuliza faraghani.

Bodi ya mzee wa Wete ilifika Jumatano, imefungwa kwenye gazeti na ndani yake karafuu, sijui za kuzuia unyevu au zawadi. Laptopu ikaitambua mara ya kwanza. Diski 31: 22 zimesoma safi. Tisa zilikuwa na madoa. Nimeziosha kama fundi alivyosema, mkewe ami kasimama mlangoni ananitazama naosha diski kwenye beseni la kufulia, hakusema kitu, akaenda kuniletea kitambaa cha hariri. Kati ya tisa, nne zimetoka zote. Mbili zimetoka na sekta chache zilizokufa, na moja katika hizo ina fidla inayokatika kila ukifika sol ya juu. Tatu hazikutoa kitu, lakini sumaku yake nimeihifadhi.

Diski namba 7 ndiyo qanuni. Imo kwenye zile nne. Jedwali la rasti alilipanga kwa mkono, kitufe kwa kitufe, na halikufanana kamili na robo ya vitabuni, kuna sauti kaipandisha kidogo. Nimempigia mpiga fidla mmoja mzee kwenye simu, nikamwekea. Akasema, "Hiyo si makosa, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipiga." Akakata simu, kisha akapiga tena kuniuliza kama na fidla yake imo.

qanuni_moja

Nitumie lile jedwali. Namba zake tu, senti za kila kitufe, kile kipimo cha lahani. Nna kinanda cha kisasa kinachoweza kuzipokea.

treni_ya_michenzani

Nitakuandikia kesho baada ya Ijumaa, ni vitufe 61 na kioo kinaonesha kimoja kimoja.

bingwa_wa_rusharoho

Mimi nasema tena kiuze. Bei sasa imepanda.

BiHesabu

Bingwa, nenda kanywe kahawa.

Kijana, nakuomba ile Pentium 4 isirudi kushikilia mlango. Nataka kuwaonesha wanafunzi diski yenye sekta kutoka 1 na yenye sekta kutoka 0, pembeni kwa pembeni. Nitaleta jiwe badala yake.

treni_ya_michenzani

Nimeshaongea nao, wamekubali. Wametaka jiwe liwe zito.

Mpemba_wa_Wete

Na bodi yangu? Kuna mtu hapa Chake ana sampla ya Akai S950 inayomlilia, sekta tano za 1,024 hiyo, nimemwahidi. Boti ya Jumamosi nitakuwa Mkoani mwenyewe, mpe mtu yeyote unayemwamini. Karafuu usinirudishie.